Treni ya Arua Bado Inakuja

Mtu akiishi Arua, ndugu zake walioko Kampala huamini hana kazi. Sijui ni nani aliyewatia imani hiyo. Wiki isiyo na agizo kutoka kwao ni wiki ambayo simu yangu imezima kwa kukosa chaji. Mmoja anataka asali, na si asali yoyote, anataka asali ya West Nile hasa, nyeusi, isiyoguswa na sukari, tena ifungwe vizuri isije ikamwagika ndani ya basi. Mwingine anataka samaki wa angara lakini harufu yake isimtangulie kituoni. Shangazi mmoja anataka kitenge cha Kongo kutoka soko la Ariwara, na rangi ameieleza kwa simu: "Ile bluu isiyokuwa bluu sana." Hayo nimeyazoea. Nalalamika, natuma, kisha nalalamika tena kwa kuwa hela yangu haijarudi.

Safari hii wameniagiza daraja.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, anayesomea uhandisi Kampala. Nalisema hili kwa majivuno kidogo ingawa nimemkasirikia. Mwalimu wao amewapa kazi: kila mwanafunzi achunguze ujenzi wa madaraja ya reli ya zamani yanayopita juu ya barabara, kila mmoja katika eneo la kwao. Nadhani wenzake wa Tororo walishangilia. Wa Jinja bila shaka walirudi kulala. Wa Arua alichukua simu.

"Mjomba, salamu sana. Naomba unipigie picha za madaraja ya reli ya hapo Arua, na ya Koboko kama yapo. Na unipimie upana."

"Reli ipi, mwanangu?"

"Ile iliyofika 1964, mjomba."

Nilinyamaza. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na meno yangu ya nyuma yameng'olewa hapa. Ningeiona. Treni si kitu cha kupita nyuma ya nyumba ya mtu bila yeye kuamka.

Lakini kijana hakuota. Imeandikwa. Zipo historia fupi za Reli ya Uganda, zile ambazo huyu hunakili kwa yule na yule kwa mwingine, zinazosema kwamba mwaka 1964 reli ilifika Arua, karibu na mpaka wa Zaire. Mwaka 1964 hata hiyo Zaire haikuwepo. Mobutu aliibandika nchi jina hilo mwaka 1971. Kwa hiyo sentensi moja imetuletea treni ambayo hatujawahi kuipanda na jirani aliyekuwa bado hajapewa jina, na wote wawili wamekaa humo miaka nenda miaka rudi bila mtu kuwauliza kitambulisho.

Iliyofika mwaka 1964 ilifika Pakwach. Ilianzia Tororo, ikawa imeishia Soroti tangu 1929, ikakaa hapo zaidi ya miaka 30 inatafakari, kisha ikanyanyuka kupitia Lira na Gulu hadi kwenye Mto Nile. Pale ikaona maji na ikachoka. Kutoka Pakwach kuja Arua ni kilomita kama 130, Nebbi ikiwa katikati. Kwa treni iliyotoka Mombasa, hizo ni kilomita za kumalizia tu. Hazikumalizwa.

Nilimweleza mpwa haya yote kwa utulivu. Akanijibu kwamba mwalimu anataka ushahidi, na kwamba kutokuwepo kwa daraja nako ni matokeo ya utafiti, mradi mtu awe ametembea akalitafuta. Ndipo nilipojua kwamba kijana amesoma kweli. Ni msomi tu anayeweza kumtuma mtu mzima kwenda kutokuona kitu, tena kwa nauli ya huyo mtu mzima.

Akanitumia orodha ya vitu vya kuangalia. Aina ya mihimili. Kuta za pembeni: mawe au zege. Ribiti au boliti. Bamba la mtengenezaji lenye jina la kiwanda na mwaka. Nafasi kutoka kwenye lami hadi chini ya chuma. Nikaanza kusoma, kwani huwezi kutafuta mbuzi aliyepotea kama hujui mbuzi anafananaje.

Treni, nimejifunza, ni mvivu wa kupanda. Lori linaloenda Juba litapanda kilima chochote kwa kelele na moshi, lakini wahandisi wa reli huogopa mwinuko unaozidi mita 2 katika kila mita 100 za njia. Kwa hiyo hawaifuati ardhi. Palipo na kilima huchimba, na palipo na bonde hujaza udongo wakafanya tuta. Reli ikiwa ndani ya mchimbo, barabara hupita juu yake. Reli ikiwa juu ya tuta, barabara hupenya chini, na hapo ndipo linapozaliwa daraja la mpwa wangu.

Sasa, wazee wa zamani walikuwa na njia mbili za kulijenga. Ya kwanza ni tao la mawe. Lina sura nzuri na lina nguvu, lakini mabega yake hushuka pande zote mbili, na gari refu likisogea pembeni hukwaruza kichwa. Ya pili ni mihimili bapa ya chuma iliyolazwa juu ya kuta mbili za mawe. Hiyo haina mabega, nafasi ya chini ni ileile kutoka ukuta hadi ukuta, ndiyo maana juu ya barabara waliipenda zaidi. Chuma kilikuja kwa meli, vipande vikiwa na alama ili fundi asikisie kipi kinakaa wapi, kisha vikaunganishwa kwa ribiti.

Ribiti ndiyo iliyonifurahisha, nakiri. Kijana mmoja huichoma motoni hadi iwe nyekundu, huirusha hewani kwa koleo, mwenzake huidaka kwa ndoo, huitia tunduni, na wa tatu huiponda upande wa pili hadi iote kichwa kingine. Ikipoa hunywea, na katika kunywea huko huzibana bati mbili kwa nguvu ambayo nyundo peke yake haitoi. Kazi ya kurushiana vyuma vya moto juu ya mto, bila bima, kwa ujira wa kutwa. Kuanzia miaka ya 1950 boliti za chuma kikali zilianza kuifukuza ribiti kazini. Kwa hiyo ukiona vichwa vya mviringo vimejipanga kwenye chuma cha daraja, ujue una mzee mbele yako, msalimie kwa adabu.

Baada ya elimu hiyo nilizunguka Arua nikiwa na futi ya kupimia niliyoinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilianzia kwenye madaraja ya Mto Enyau. Ni ya barabara, na juu yake hupita boda boda, mbuzi, na wanawake waliobeba muhogo. Chini hupita maji na vijana wanaoosha pikipiki. Hapana ribiti. Nikachungulia makalavati. Hapana ribiti. Ribiti nilizozipata Arua nzima zilikuwa chini ya lori bovu lililoegeshwa karibu na gereji, kwa sababu fremu za malori bado huungwa hivyo. Nilikuwa nimelala chali nikizihesabu kwa furaha ya mtafiti pale fundi aliponiuliza ni nini nilichotaka kuiba.

Mwendesha boda aliyekuwa akinizungusha alichoka na ukimya wangu. "Mzee wangu, unatafuta nini hasa? Sema, mimi Arua naijua yote."

"Daraja la reli."

"Lipo."

"Wapi?"

"Twende kwanza."

Hapa kwetu mtu haulizwi kitu akasema hakipo. Ni utovu wa adabu, na pia ni hasara ya nauli. Alinipeleka mtaa wa Oli, akanishusha mbele ya kibaraza ambako wazee hunywa kahawa baada ya sala ya alasiri. Akasema wao ndio wanaojua, akachukua hela yake, akaenda zake.

Nawaheshimu wazee wa Oli. Wana Kiswahili safi, Kinubi safi, na hakuna jambo lililotokea duniani tangu wakati wa Emin Pasha ambalo babu ya mmoja wao hakuwepo. Nilipouliza habari za reli, sikupata jibu, nilipata majibu. Wa kwanza alisema reli haikufika. Wa pili akasema ilifika wakati wa Amin, usiku, maadui wasijue, ikarudi kabla ya alfajiri. Wa kwanza akamuuliza ilirudi na nani. Wa pili akasema ndiyo maana ya siri. Wa tatu, Hajji mmoja mkimya mwenye kofia nyeupe, akasubiri wenzake wamalize kugombana, kisha akasema yeye aliipanda.

Enzi za ujana wake aliondoka kwenda kukata miwa Busoga. Hilo si jambo la ajabu kwetu. Tangu zama za Mwingereza, Walugbara wamekata miwa ya Kakira na Lugazi kwa vizazi, na wengine waliacha mifupa huko. West Nile haikupewa mashamba makubwa wala viwanda. Ilipewa kazi ya kutoa mikono kwa ajili ya mashamba ya wengine na mabega kwa ajili ya bunduki za wengine. Hajji alitoka Arua kwa lori hadi Pakwach, juu ya magunia ya tumbaku, na kule akapanda behewa la daraja la tatu.

"Siti zilikuwa za mbao," alisema. "Tulifika tumenyooka."

Nikamuuliza kama njiani waliwahi kupita juu ya barabara, magari yakiwa chini.

"Kijana," alisema, nami mvi zimenijaa, "daraja la tatu dirishani hukai wewe. Dirishani hukaa kuku."

Nikamwandikia mpwa: shahidi mmoja, hakuona.

Usiku ule stima ilikatika, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilikaa kwenye mwanga wa simu nikitazama ramani. Hapo hasira yangu ilihama kutoka kwa mpwa ikaenda kwa dunia nzima. Tazama mwenyewe. Upande wa magharibi, Wabelgiji walijenga reli nyembamba kutoka Aketi ikielekea kwetu, ikafika Mungbere mwaka 1937 na kusimama. Upande wa kaskazini, Wasudani walishusha ya kwao hadi Wau mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikasimama. Upande wa mashariki, hii yetu, Pakwach, 1964, ikasimama. Wachumba watatu wametoka pembe tatu, wote wakatuona kwa mbali, wote wakakaa chini ya mti kabla ya kufika uani, na hakuna hata mmoja aliyetuma mshenga kueleza kilichomsibu.

Na hata wangefika wasingeelewana. Ya Kongo ina upana wa sentimita 60 kati ya chuma na chuma. Ya Uganda ni mita 1 kamili. Ya Sudani ni futi 3 na inchi 6, yaani inaizidi ya Uganda kwa sentimita 6 na kitu, tofauti ndogo ya kutosha kuhakikisha kwamba behewa la huyu halitakanyaga njia ya yule milele. Kama zote tatu zingekutana Arua, tungekuwa na stesheni tatu, wapagazi elfu, na kazi ya kutwa nzima ya kuhamisha gunia lilelile. Labda tungekuwa matajiri. Sisi ni hodari wa kuhamisha magunia, wa forodha wanajua.

Wa mwanzo kutuahidi hata hakuwa mmoja wa hao watatu. Leopold, yule mfalme wa Wabelgiji mwenye ndevu za kufagilia, alikodishiwa eneo hili la Lado na Waingereza mwaka 1894, Arua na Koboko zikiwa ndani yake. Mwaka 1906 walipokaa kupatana namna atakavyoliachia, waliandika kwenye mkataba kwamba kutajengwa reli kutoka mpaka wa Kongo hadi kwenye Nile karibu na Lado. Leopold akafa mwaka 1909. Mwaka 1910 eneo likaenda Sudani, na mwaka 1914 sehemu yetu ya kusini ikahamishiwa Uganda. Reli ilibaki ndani ya mkataba. Kwa hiyo mtu akikwambia West Nile hatuna reli ya zamani, mwambie tunayo ya zamani kuliko ya Kampala, ambayo ilifika mwaka 1931. Ila yetu ni ya wino.

Mpwa hakuridhika. "Na Koboko, mjomba?"

Nilikwenda Koboko. Barabara siku hizi ni lami kutoka Vurra kupitia Arua hadi Oraba, na sina budi kuisifu, jambo linalomuumiza mtu wa kazi yangu. Zamani safari ya Koboko ilikuwa na vumbi la kutosha kuandikia makala mbili. Sasa unafika kabla hujapata cha kulalamikia, labda tu dereva, ambaye aliweka muziki wa Kongo kwa sauti ya kusikika Kongo, na abiria aliyeniwekea jogoo miguuni akisema hang'ati.

Koboko ni mji wa watu wenye haraka. Malori ya Juba yanapita, wabadilisha fedha wanapunga mabunda, na Kongo na Sudani Kusini ziko karibu kiasi kwamba simu yako inakukaribisha nchi tatu kabla hujamaliza chai. Nilimuuliza mzee mmoja wa Kikakwa, aliyeketi chini ya mwembe, kuhusu reli. Akanitazama kwa huruma. Akasema Amin, mtoto wa hapa, angepewa miaka miwili zaidi, stesheni ingekuwa pale, akanyoosha fimbo kuelekea kituo cha mafuta. Nilitaka kumkumbusha kwamba alipewa minane, nikaona nitakosa mahali pa kuketi.

Kijana mmoja akaapa kwamba anajua daraja la chuma, la zamani, lina vyuma vya kukatizana. Tukaenda. Kweli lilikuwepo, juu ya kijito, na moyo wangu ulidunda hadi niliposogea. Vipande vyake vilishikana kwa pini. Hilo ni lile daraja la kuunga lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambalo kila kipande kinabebwa na watu 6 na askari wanaweza kulitandaza mtoni bila winchi. Ni jambo la akili sana. Lakini juu yake palipita baiskeli, chini palipita bata, na hakuna treni iliyowahi kualikwa. Nilipima kwa sababu nilikuwa na futi. Watu walikusanyika kunitazama nikipima. Hilo lisahau kwa sasa, nitalirudia.

Tulipokuwa tunarudi nilisikia kengele ya shule. Ng'aa, ng'aa, ng'aa, sauti ya chuma kizito. Niligeuka. Chini ya mti, kwenye waya, kilining'inia kipande cha reli chenye urefu wa mkono.

Sijui kama umewahi kukutana na ulichokitafuta mahali pasipo pake. Niliingia uwanjani mbio, watoto wakanikimbia, mwalimu mkuu akatoka ofisini. Nilimweleza. Akanishangaa kwa upole, akasema kengele hiyo aliikuta. Kila mwalimu mkuu aliikuta. Nikakichunguza: kichwa cha mviringo ambacho gurudumu hukanyaga, kiuno chembamba, na kikanyagio bapa cha kukalia taruma. Kwenye kiuno, viwanda vya chuma huacha herufi zilizovimba, jina lao na mwaka, na kwa mtafiti hizo ni cheti cha kuzaliwa. Za hapa zilikuwa zimeliwa na kutu na kupondwa na vizazi vya viranja. Palibaki alama moja ambayo mimi niliisoma 9 na mwalimu mkuu akaisoma 6, na kwa kuwa kipande kinaning'inia, sote wawili tulikuwa na haki.

Kwa hiyo reli ilifika Koboko. Ilifika peke yake, bila treni, labda juu ya lori la mtu aliyerudi kutoka kusini, na ikapata kazi. Kila siku inawaita watoto kwenye uji. Wenzake waliobaki Pakwach walikaa miaka mingi bila kazi kabisa: vita vya kaskazini vilifanya treni ziache kwenda huko, na ilipita miongo miwili hivi kabla mabehewa ya mizigo hayajarudishwa kwa shangwe mwaka 2013, halafu majani yakarudi nayo. Ukiwa kipande cha chuma, afadhali uwe Koboko.

Mwalimu mkuu alinipa kitabu cha wageni. Penye "Madhumuni ya ziara" niliandika neno moja: reli. Akanionyesha choo kinachohitaji paa. Nikachangia.

Nilituma picha zote: kalavati, lori, Bailey, kengele. Mpwa akashukuru, kisha akaniandikia kwa furaha kwamba mwenzake amempa mfano mzuri sana, daraja la reli la Jinja juu ya Nile, la mwaka 1931. Kumbe hilo lilijengwa kwa ghorofa: treni juu, na chini ya reli njia ya magari, na chini ya magari mto. Kabla ya Bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 na barabara kuhamia juu yake, mtu aliyetoka Kampala kwenda Busoga aliendesha gari huku treni ikimpitia utosini. Reli juu ya barabara, chuma cha zamani, kila kitu kilichoandikwa kwenye ile orodha.

Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimesimama. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita kama 80. Nauli yake ni chini ya bei ya futi yangu.

"Mwanangu," nilimpigia, "hukuweza kupanda matatu ukaenda?"

"Mjomba, mwalimu alisema eneo la nyumbani."

Akaongeza kwamba kuna pia yale ya Mau kule Kenya, madaraja marefu 27 ya miguu ya chuma ambayo Waingereza waliwapa Wamarekani wayajenge mwanzoni mwa karne iliyopita, akauliza kama nina jamaa Nakuru. Nikakata simu. Hayo yanapita juu ya mabonde, si juu ya barabara. Hata kwa masharti yake mwenyewe hayafai. Nimesoma, hawezi kunidanganya tena.

Sasa turudi kwenye ile futi. Mtu mzima aliyeonekana akipima madaraja Arua, akipima tena Koboko, akiuliza wazee habari za reli na kuandika "reli" kwenye kitabu cha serikali, hawezi kuwa mjomba wa mwanafunzi. Huyo ametumwa. Na watu wetu wana sababu ya kuamini. Katika mipango ya reli mpya ya kisasa, ile ambayo kipande cha Malaba hadi Kampala kilitiwa saini mwaka 2024, limo tawi la kaskazini litakaloanzia Tororo kwenda Gulu na Nimule, na mchepuko wa kupitia Pakwach hadi Vurra. Vurra ni hapa nyuma yetu tu. Ni wino mwingine, lakini watu wetu wakisikia reli husikia na fidia.

Jirani yangu wa kushoto amepanda mikaratusi katika kiwanja ambacho hakijawahi kuota hata mchicha. Imebanana kiasi kwamba kuku hapiti. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba mti uliofika kiunoni unalipwa kuliko mche, na kama ningeweza kuwaambia wakubwa wangu wasiharakishe. Jirani wa kulia ameanza msingi wa nyumba ambayo haina mlango, kwa sababu mlango ni gharama na mthamini hahitaji kuingia. Yule mwendesha boda hanitozi tena nauli. Ananiita injinia, na ameniombea kazi ya kupunga bendera.

Jana jioni alikuja mwenye nyumba wangu. Huwa haji isipokuwa mwisho wa mwezi, na kwa kawaida haketi. Safari hii aliketi, akanywa chai, akauliza habari za dada yangu, akasifu asali. Kisha akasema kodi itapanda.

Nikamuuliza kwa nini, paa linavuja palepale na maji ya bomba ni ya kubahatisha.

"Nyumba iko karibu na stesheni," alisema.

"Stesheni gani?"

Akacheka, akanigusa bega kama watu wawili wenye siri moja. "Wewe tena unaniuliza mimi?"

Nilimweleza yote: mpwa, mwalimu wa Kampala, Pakwach, Mungbere, Leopold, kengele. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema anaelewa kabisa kwamba kazi hizi mtu huwa ameapishwa. Akasimama, akachungulia dirishani upande wa Vurra, akachungulia na upande wa Nebbi.

"Niambie tu jambo moja, injinia. Treni itapita upande wa chooni au upande wa jikoni? Nataka kujua pa kujenga duka."

Nimemwambia upande wa chooni. Choo chenyewe kilikuwa kinahitaji kubomolewa tangu mwaka juzi.